Chai Iliyoachwa Kuwa Mti

Nyumbani kwa Rodah, juu kijijini Boito, hakuna mtu anayekohoa alfajiri tena. Kwa miaka ishirini na minane kikohozi hicho ndicho kilichokuwa saa ya nyumba: mara moja mlangoni, mara ya pili karibu na zizi, kisha ndoo inagonga jiwe na ng'ombe anaitwa kwa jina. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Alikuwa Bethwel tu, mume wake, akiujulisha ulimwengu kwamba ameamka. Siku hizi Rodah hukamua kimya kimya. Na Chepkurui, binti yao wa kwanza, kila anapokuja nyumbani kutoka Kericho anakofanya kazi ya uuguzi, hujikuta macho saa kumi na moja, ametega sikio, akisubiri kitu ambacho anajua hakiji.

Bethwel hakufa, na hilo ndilo lililowatatiza watu. Aliyekufa ana kaburi, na kaburi lina adabu yake. Mtu hulipita akaendelea na shughuli. Huyu alishuka mteremko tu. Ilikuwa Machi, mwaka juzi, wiki ile mvua ilipoanza. Alibeba blanketi mbili, sufuria, panga, jembe na gunia la vitabu, akaenda kwenye shamba la marehemu mama yake, nusu ekari ya chai kando ya mto Itare, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Hakukuwa na ugomvi. Rodah alimfuata hadi kwenye geti.

"Unaenda kutafuta nini huko, Baba Chepkurui?"

"Nataka kusikia ninachofikiria."

"Hapa huwezi kusikia?"

"Hapa nasikia mnachofikiria ninyi."

Rodah alilirudia jibu hilo kwa dada zake, kwa mchungaji, na kwa akina mama wa kikundi, akitumaini kwamba mmoja wao angemweleza maana yake. Hakuna aliyeweza. Boito ilichukua miezi miwili kumtafuta mwanamke aliyefichwa kule mtoni, na alipokosekana watu walivunjika moyo kidogo. Wakajaribu ugonjwa. Wakajaribu laana. Mwisho wakasema ni vitabu, kwa sababu vitabu ndivyo vilivyokuwa kwenye gunia.

Hapo hawakuwa mbali na ukweli. Bethwel alifundisha fasihi ya Kiingereza katika sekondari moja ya kutwa kwa miaka ishirini na sita. Kila mwaka alisimama mbele ya watoto waliolowa umande hadi magotini akawaeleza habari za waandishi wa zamani wa ng'ambo walioamini kwamba mti ni mwalimu, kwamba vitu vingi ni mzigo, na kwamba mtu anayefuata umati huipoteza sauti yake bila hata kujua ameipoteza. Watoto waliandika. Katika mtihani waliulizwa wataje sifa nne za uhuru wa nafsi, wakataja nne, wakapewa alama nne. Siku moja msichana aitwaye Nyagaka, mtoto wa fundi wa kiwandani, aliinua mkono akauliza, bila ubaya wowote, "Mwalimu, wewe ushawahi kufanya hii maneno hata wiki moja?"

Darasa lilicheka. Bethwel naye alicheka. Lakini Chepkurui, aliyekuwa amekuja likizo wakati huo, anakumbuka kwamba jioni ile baba yake hakuketi kula. Alikula amesimama dirishani, sahani mkononi. Na tangu hapo hakuketi vizuri tena. Kanisani alichagua kiti cha mwisho karibu na mlango. Akienda shule alibadili njia kila siku, leo kupitia kwa majirani, kesho kupitia mashambani, kana kwamba kuna njia moja ambayo ingempeleka mahali pengine kabisa. Miaka minne alivumilia hivyo, ndipo akaandika barua ya kustaafu mapema.

Kule mtoni alijijengea kibanda cha mbao na mabati ya zamani. Alipanda viazi na maharage. Miezi mitatu ya kwanza alikataa hata mursik, maziwa ya kibuyu ambayo Rodah alimtumia. Mwezi wa nne alituma ujumbe kwamba kibuyu kikipatikana atashukuru, na Boito nzima ikapona kwa kicheko. Mlango wa kibanda aliufungulia mashariki. Baada ya Pasaka akauziba, akafungua upande wa mto. Kisha akaurudisha mashariki.

Watu wangeweza kumsamehe hayo yote. Ambalo hawakuweza kumsamehe ni chai.

Aliacha kuichuma. Nchi hii mtu anaweza kuacha kanisa akaombewa, anaweza kuacha shule akafarijiwa, lakini haachi chai. Kila baada ya siku nane au kumi, mvua au jua, mikono inapita juu ya vichaka ikichukua majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na kilichobaki kinakuwa sawasawa kama meza. Mkono ukikosa kupita, chai inainuka. Ya Bethwel ikainuka. Ikapita kiuno, ikapita bega, ikakaza shina, ikatoa matawi ya pembeni, na mwaka wa pili ikachanua maua madogo meupe yenye kiini cha njano ambayo vijana wengi waliozaliwa katikati ya chai hawakuwa wamewahi kuyaona.

Phelix Ooko, karani wa kituo cha kununulia majani, aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kampuni baada ya baba yake kupanda huku kutoka upande wa ziwa, alishuka siku moja kujionea. Alisimama mikono kiunoni.

"Mwalimu, hii ni dhambi. Mimi sijui ni amri ya ngapi, lakini iko."

"Umewahi kuona mti wa chai, Phelix?"

"Nimeona kila siku tangu nizaliwe."

"Umeona meza. Huu ndio mti. Mama yangu aliupanda, tukaukata kiunoni miaka arobaini, ukasahau kwamba unaweza kusimama."

"Na ukisimama, unakunywa nini asubuhi?"

Bethwel alimkaribisha kibandani. Wakaenda kunywa chai ya rangi, iliyotoka kwenye pakiti ya dukani. Ni Phelix mwenyewe aliyeisimulia habari hiyo juu kijijini, na kila alipofika kwenye pakiti alisimama kidogo ili watu wacheke wamalize.

Chepkurui hakucheka. Alimpenda baba yake kwa namna ya kuchoka, kama mtu anavyopenda mguu unaouma. Na alikuwa na haraka yake. Alitaka kuolewa na Vinny, fundi wa umeme kutoka Soin, mtu mtulivu ambaye akiketi ameketi. Watu wa Vinny walikuwa wa kufuata mila, na mila iliwataka waje kwa koito: waje nyumbani kwa baba wa msichana, waulizwe ukoo wao, nao waulize, wapatane, kisha mwenye nyumba awapake siagi kichwani kuonyesha kuwa neno limekubaliwa. Siku ilipangwa, Jumamosi ya pili ya Agosti. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mwenye nyumba.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo Chepkurui alishuka mtoni. Alimkuta baba yake akipasua kuni, miguu peku, amekonda lakini si kwa ugonjwa.

"Unakuja, Baba?"

"Wataniuliza ninaishi wapi."

"Useme ni hapo nyumbani. Ni siku moja tu!"

"Nitakuwa nimeanza ujamaa na watu kwa kuwadanganya."

"Wewe ndiye ulinifundisha mtu ajue anachotaka," Chepkurui alisema, sauti ikimpanda. "Mimi najua. Nataka baba yangu akae kwenye kiti chake, wageni wakimtazama. Hicho tu. Sitaki mti, sitaki mto."

Bethwel aliinua shoka, akalishusha bila kupiga. Akazunguka kibanda mara moja, akarudi. "Usinisubiri," alisema. Chepkurui alilichukua hilo kuwa ni hapana, akapanda mlima akilia kwa hasira.

Ndipo Noah, ndugu mdogo wa Bethwel, alipojitwika jambo. Noah ni mzee wa kanisa na mjumbe wa kamati ya kituo cha majani, mtu asiyependa pengo lolote libaki wazi. Alisema atakaa kwenye kiti yeye. Na wageni wakiuliza?

"Tutasema Mwalimu ana shamba la mbegu," alisema.

Rodah alimtazama. "Mbegu ya nini?"

"Ya chai. Chai ya mbegu si huachwa iwe miti? Ndivyo tutakavyosema. Kwamba amepewa kazi ya kulinda miti ya mbegu, na msimu huu hawezi kuiacha hata saa moja."

Mkulima yeyote wa huku Konoin angekufa kwa kicheko. Miaka mingi hakuna anayepanda mbegu. Watu hupanda miche ya vikonyo, vipande vya matawi vilivyooteshwa kitaluni. Lakini wageni walikuwa wanatoka Soin, chini kwenye joto na miwa, na huko uongo huo ungeweza kupita. Rodah alirudi kwenye moto wake. Noah akamgeukia Chepkurui. "Na wewe, binti yangu?" Chepkurui alifikiria kile kiti, akakubali kwa kichwa.

Wageni tisa walifika asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya chai. Aliyewaongoza ni Johana, babu yake Vinny, mzee mrefu mwenye fimbo na koti lililopigwa pasi hadi likang'aa. Walisalimiwa, wakaombewa, wakapewa chai. Johana alikitazama kiti cha mwenye nyumba, akamtazama Noah aliyekikalia.

"Wewe ndiye Mwalimu?"

"Mimi ni ndugu yake, Mzee." Noah akaieleza habari ya mbegu, vizuri, bila kukwama, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa.

"Shamba liko mbali?"

"Njia ni mbaya, Mzee. Kuna utelezi."

"Mimi ni wa Soin," Johana alisema. "Mvua ikinyesha kwetu tunatembea kwa makalio. Nionyesheni njia."

Kwa hiyo wakashuka wote, wageni na wenyeji, katika mstari mmoja, akina mama wameshika sketi, Noah mbele akizungumza mno. Chepkurui alikuwa wa mwisho. Aliomba baba yake awe amekwenda kutembea. Hakuwa amekwenda. Alikuwa ameketi kwenye gogo chini ya ile chai yake, na alipoona watu kumi na wanane wakimjia aliinuka, akaketi, akainuka tena.

Salamu zilikuwa ndefu. Johana alishika shina la chai, akatazama juu kwenye maua, akainama, akaokota mbegu za kahawia zilizodondoka, akazichezesha kiganjani.

"Ndizo hizi? Kongoi, asante Mwalimu, umelinda vizuri. Nitaomba chache. Nimesikia kuna chai siku hizi inavumilia joto. Nina kipande cha ardhi hakifai miwa. Nitaanza na hizi, wajukuu watamaliza."

Bethwel alimtazama Noah. Noah aliutazama mto. Kisha Bethwel alimtazama binti yake, na Chepkurui alimwambia kwa macho, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, kwamba akubali tu. Mbegu kumi. Zingeoza tu huko Soin na hakuna ambaye angeuliza.

"Mzee," Bethwel alisema, "ukipanda hizo utapoteza miaka yako. Hapa si shamba la mbegu. Hii ni chai ya mama yangu niliyoacha kuichuma."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Nilitaka kuona ingekuwa nini ikiachwa."

Johana alimpima kwa macho. "Na mke," alisema, "umemwacha pia uone atakuwa nini?"

Mmoja wa wageni alicheka, akajizuia. Rodah alisimama wima, mikono chini ya leso yake. Bethwel alifungua mdomo, na mtu aliyefundisha kujieleza kwa miaka ishirini na sita akakosa pa kuanzia.

"Hilo," alisema hatimaye, "sikulifikiria vizuri."

Johana aliziweka mbegu juu ya jiwe, moja moja. "Leo tulikuja kuangalia njia," alisema kwa wenzake. "Tumeiona." Wakapanda mlima, wakala kidogo kwa heshima, wakaondoka mchana. Siagi ilibaki kwenye chombo chake.

Chepkurui alirudi mtoni peke yake jioni ile ile. "Umefurahi? Umesema ukweli wako?"

"Ulitaka mzee wa watu apande uongo?"

"Nilitaka kuolewa, Baba."

Hakumwaga machozi mbele yake. Alikwenda zake.

Wiki tatu Soin ilinyamaza. Vinny alipiga simu kila siku, na kila siku alikuwa na sentensi moja: "Mzee anasema anatafakari." Chepkurui aliomba zamu za ziada, akabadilishiwa wodi kwa kuomba mwenyewe, akatembea Kericho yote kwa miguu baada ya kazi, juu na chini, hadi siku moja alijiona kwenye kioo cha duka akitembea na akatambua mwendo ule ni wa nani. Haukumfariji.

Kisha ujumbe ukaja kwa simu ya Noah, naye aliusoma kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa: watu wa juu waliwadanganya, yule wa chini akawaambia ukweli, watarudi, lakini watazungumza na yule wa chini, na watamtaka aketi katika nyumba alikozaliwa msichana.

Kabla hawajamtuma mtu mtoni, Bethwel mwenyewe alipanda. Nani alimwambia, haijulikani. Phelix hakukubali wala kukana. Ilikuwa Jumatano, mchana mweupe. Rodah na Chepkurui, aliyekuwa mapumzikoni, walikuwa kwenye chai ya nyumbani, vikapu mgongoni. Bethwel alisimama mwisho wa mstari amevaa viatu.

"Mama Chepkurui," alisema. "Nitarudi. Nirudi kabisa, mambo yaishe."

Mikono ya Rodah haikusimama. Majani mawili na chipukizi, yanaruka juu ya bega hadi kikapuni.

"Mwaka wa kwanza nilikungoja," alisema. "Kila mbwa akibweka nilijua ni wewe. Mwaka wa pili nikachoka kungoja, nikaanza kuishi. Nimebadilisha zizi. Nimeng'oa ule mparachichi uliokuwa ukiupenda, ulikuwa unanizibia jua. Naamka najua nataka kufanya nini, na hakuna mtu wa kunitolea maoni." Akafika mwisho wa kichaka, akahamia kingine. "Siku ya koito utakuja, utakaa, maana wewe ndiye baba yake. Lakini hiyo ya kurudi kabisa, ni nani umemuuliza?"

Chepkurui aliinamisha uso kwenye majani ya chai. Hakuwahi kumsikia mama yake akizungumza hivyo, na hakujua kama alitaka kumkumbatia au kumziba mdomo.

Bethwel alisimama mikono mitupu. Ungeweza kuona anatafuta pa kuiweka. Mwisho akaingia kwenye mstari upande wa pili wa Rodah, akaanza kuchuma, taratibu, vidole vimesahau.

"Unachukua majani magumu," Rodah alisema. "Ooko atatuaibisha kwenye kituo."

"Nitayatoa."

"Yatoe."

Wageni walirudi Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Bethwel aliketi kwenye kiti chake, koti lake la kufundishia likimpwaya mabegani. Chepkurui, aliyekuwa ameketi na shangazi zake karibu na ukuta, aliona goti la baba yake likitikisika chini ya kitambaa cha meza, bila kukoma, na aliliangalia goti hilo kuliko alivyomwangalia Vinny. Alijua mtu huyu anataka kutoka nje. Alijua pia kwamba hatatoka.

Walipomaliza mambo ya ukoo, Johana alisafisha koo.

"Mwalimu, tusiulizane mengi. Unaishi wapi?"

"Chini, mtoni."

"Na hapa?"

"Hapa ni kwa Rodah."

Noah alifunika macho kwa mkono kama mtu anayeomba. Wazee wawili wa upande wa Soin walitazamana. Hawakuwa wamewahi kumsikia mwanamume akilisema jambo hilo katika koito, kwenye kiti cha mwenye nyumba, mbele za watu. Chepkurui alishika mkono wa shangazi yake. Basi imekwisha, alifikiri. Ni mara ya pili, na safari hii hakuna ya tatu.

Johana aliinuka polepole, akakishika kiti chake kwa nyuma, akakigeuza. Alipoketi tena, magoti yake yalimwelekea Rodah, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika.

"Chamgei, Mama," alimsalimu, kana kwamba ndiyo kwanza amefika. "Tulikuwa tunapiga hodi kwa mlango wa nyuma. Tumekuja kumwomba msichana."

Rodah aliweka birika chini. Alifuta mikono, akaketi, akawauliza maswali yake, na yalikuwa mengi kuliko ya Noah. Aliuliza hata kama Vinny anajua kukamua. "Anajifunza," Vinny mwenyewe alijibu, bila kuruhusiwa kusema, na nyumba ikacheka. Jua lilikuwa limeshaondoka mlangoni waliposhika siagi, yeye na Bethwel, kila mmoja kwa kidole chake, wakawapaka wageni, kisha Vinny na Chepkurui. Kidole cha baba kilikuwa na baridi kwenye paji la uso la Chepkurui, na kilikaa pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Harusi ilifungwa Desemba. Chepkurui anaishi Soin na anafanya kazi katika kituo cha afya cha huko. Bethwel ana miaka hamsini na minne. Anaishi katika kibanda chake kando ya Itare, na Jumatano, Rodah akimhitaji, hupanda kumsaidia kuchuma chai, kisha hushuka.